Kauli Zilizovuja na Kauli Zilizosikika: Mazungumzo ya Siri ya Wanadiplomasia Katika Vyombo vya Habari, 1898–2014

1. Utangulizi

Mwanzoni mwa Februari 2014, sauti mbili zilizonaswa kwa siri ziliwekwa katika mtandao wa YouTube. Zote mbili zilihusu mgogoro wa Ukraine na zote zilikuwa za wanadiplomasia wa ngazi ya juu. Ya kwanza ilikuwa ya Victoria Nuland, aliyeshughulikia masuala ya Ulaya na Eurasia katika Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, akizungumza kwa simu na Geoffrey Pyatt, balozi wa nchi hiyo mjini Kyiv. Ya pili ilikuwa ya Helga Schmid, ofisa mwandamizi wa idara ya mambo ya nje ya Umoja wa Ulaya, akizungumza na Jan Tombiński, balozi wa Umoja huo mjini humo. Baada ya siku chache sauti ya kwanza ilikuwa imeenea duniani kote, ilhali ya pili ilitajwa zaidi kama nyongeza ya habari ya kwanza. Tarehe 5 Machi mwaka huohuo ikavuja sauti ya tatu, ya Catherine Ashton, mkuu wa sera ya nje ya Umoja wa Ulaya, na Urmas Paet, Waziri wa Mambo ya Nje wa Estonia. Hii iligusa jambo zito kuliko yote, yaani nani aliyewaua raia katika uwanja wa Maidan. Hata hivyo, katika vyombo vingi vya habari vya Magharibi haikudumu kama ilivyodumu ile ya Nuland.

Tofauti hiyo huelezwa kwa njia mbili zilizozoeleka. Wapo wanaosema kuwa vyombo vya habari hupenda kashfa, na wapo wanaosema kuwa hulinda maslahi ya serikali za nchi zao. Maelezo yote mawili yana ukweli, lakini hayatoshi. Kama vyombo vya habari vingefuata ukubwa wa kashfa pekee, tuhuma ya mauaji ingelishinda tusi. Vilevile, kama vingekuwa walinzi wa serikali tu, sauti iliyoiaibisha Marekani isingelivuma katika magazeti ya Marekani na ya washirika wake.

Makala hii inajenga hoja kuwa jibu limo katika aina ya kauli iliyovuja. Zipo kauli ambazo kutamkwa kwake ndiko tukio lenyewe, kama vile tusi, ahadi au pendekezo. Kauli ya namna hii huhitaji uthibitisho mmoja tu: kwamba ilitamkwa. Zipo pia kauli zinazotoa taarifa kuhusu tukio lililo nje ya mazungumzo. Hizi huhitaji uthibitisho wa pili, yaani kwamba kilichosemwa ni kweli, na uthibitisho huo haumo katika sauti iliyovuja. Hoja hii inapimwa kwa kuchunguza matukio matano: barua ya balozi wa Hispania mwaka 1898, telegramu ya Zimmermann mwaka 1917, simu iliyonaswa kati ya Zanzibar na Dar es Salaam mwaka 1965, nyaraka za kibalozi zilizofichuliwa mwaka 2010, na sauti tatu za Ukraine za mwaka 2014.

2. Kiunzi cha Uchambuzi

Uchambuzi huu unaongozwa na mihimili miwili ya kinadharia. Wa kwanza ni wa Johan Galtung na Mari Holmboe Ruge, ambao mwaka 1965 walichapisha utafiti wao kuhusu namna magazeti manne ya Norway yalivyoripoti migogoro ya Kongo, Kuba na Kupro. Walibainisha vigezo vinavyolifanya tukio liwe habari, vikiwemo kueleweka bila utata, kulingana na matarajio ya wasomaji, kuhusisha mataifa na watu wenye hadhi, na kuwa na ubaya ndani yake. Mhimili wa pili ni nadharia ya vitendo-uneni ya J. L. Austin, inayosisitiza kuwa kusema ni kutenda: anayetukana, anayeahidi au anayeomba radhi hutenda jambo kwa maneno yenyewe.

Vigezo vya Galtung na Ruge vinaeleza kwa nini habari za kidiplomasia hupendwa, kwa kuwa wahusika wake ni wakubwa na mataifa yao ni makubwa. Hata hivyo, mazungumzo yote yaliyovuja yana sifa hizo, na kwa hiyo hazitoshi kueleza kwa nini moja huvuma na jingine hufifia. Hapo ndipo mtazamo wa Austin unapohitajika, kwa sababu unamwezesha mtafiti kuuliza kauli fulani inatenda nini na msikilizaji anahitaji kujua nini zaidi ili aiamini.

3. Tusi na Hila: Barua ya Mwaka 1898

Tarehe 9 Februari 1898 gazeti la New York Journal, mali ya William Randolph Hearst, lilichapisha barua ya faragha ya Enrique Dupuy de Lôme, balozi wa Hispania mjini Washington. Balozi huyo alikuwa amemwandikia José Canalejas aliyekuwa Kuba. Barua ikaibwa na kuwafikia wapigania uhuru wa Kuba waliokuwa New York, nao wakaipeleka gazetini. Ndani yake balozi alimweleza Rais William McKinley kuwa ni mtu dhaifu anayetafuta kupendwa na umati. Gazeti la Hearst liliitangaza kuwa tusi baya kuliko yote ambayo Marekani ilipata kutukanwa.

Barua hiyo ilikuwa na sehemu nyingine. Balozi alishauri kuwa suala la uhusiano wa kibiashara na Marekani lishughulikiwe, japo kwa ajili ya kuonekana tu. Kwa mtazamo wa kidiplomasia sehemu hii ilikuwa nzito zaidi, kwa sababu ilitilia shaka nia njema ya Hispania katika mazungumzo yaliyokuwa yakiendelea. Tusi kwa Rais lingeweza kufutwa kwa kujiuzulu kwa balozi, na kweli alijiuzulu mara moja. Hila katika mazungumzo isingeweza kufutwa kwa njia hiyo.

Hata hivyo, kilichovuma ni tusi. Msomaji hakuhitaji kujua chochote kuhusu ushuru wa forodha au hatima ya Kuba ili aelewe kuwa Rais wake ametukanwa. Sehemu ya biashara ilihitaji maelezo: ni mazungumzo gani, yalifikia wapi, na serikali ya Madrid ilikuwa na msimamo gani kuhusu ushauri wa balozi wake. Tusi lilikuwa tukio lililokamilika, na sehemu ya biashara ilikuwa dalili ya tukio lililopaswa kuchunguzwa. Siku sita baadaye manowari Maine ililipuka katika bandari ya Havana, na nafasi ya uchunguzi huo magazetini ikatoweka.

4. Uzito wa Kukiri: Telegramu ya Mwaka 1917

Telegramu ya Arthur Zimmermann, Waziri wa Mambo ya Nje wa Ujerumani, inaonesha kwamba kauli nzito nayo inaweza kuvuma pale inapokuwa tendo na inapokiriwa. Tarehe 16 Januari 1917 Zimmermann alituma maelekezo kwa balozi wake nchini Meksiko. Alipendekeza kuwa, iwapo Marekani ingeingia vitani, Meksiko iungane na Ujerumani na isaidiwe kurejesha Texas, New Mexico na Arizona. Wataalamu wa Uingereza waliinasa telegramu hiyo na kuifumbua, kisha serikali yao ikaikabidhi kwa Marekani. Ilichapishwa katika magazeti ya Marekani tarehe 1 Machi.

Kwa siku mbili za mwanzo, wengi walishuku kuwa ni karatasi ya kughushi iliyotengenezwa na Waingereza ili kuiingiza Marekani vitani. Shaka hiyo haikuondolewa na Uingereza wala Marekani. Iliondolewa na Zimmermann mwenyewe, aliyekiri tarehe 3 Machi kuwa telegramu ilikuwa yake. Kwa kuwa ilikuwa na pendekezo, kukiri kwake kulitosha. Haikuwa lazima kuthibitisha kwamba Meksiko ilikuwa na uwezo au nia ya kuitwaa Texas, kwa sababu kosa lilikuwa katika kupendekeza. Tarehe 6 Aprili 1917 Marekani iliingia vitani. Telegramu haikuwa sababu pekee ya uamuzi huo, kwani vita vya nyambizi vilikuwa vimekwisha kuchochea hasira, lakini iliipa hasira hiyo maneno ambayo kila msomaji aliweza kuyakariri.

5. Sauti Isiyosikika: Zanzibar na Dar es Salaam, 1965

Tukio la tatu lilitokea Afrika Mashariki, nalo ni la namna tofauti. Mnamo Januari 1965 serikali ya Mwalimu Julius Nyerere iliwafukuza wanadiplomasia wawili wa Marekani: Frank Carlucci, aliyekuwa balozi mdogo Zanzibar, na Robert Gordon, ofisa mwandamizi wa ubalozi mjini Dar es Salaam. Walituhumiwa kushiriki katika njama dhidi ya serikali. Msingi wa tuhuma ulikuwa simu iliyonaswa kati yao. Kwa maelezo ya upande wa Marekani, wawili hao walikuwa wakijadili namna ya kuishawishi Washington itume salamu za pongezi kwa mwaka mmoja wa Mapinduzi ya Zanzibar, na maneno yanayofanana na risasi na silaha yalitumika kwa maana ya hoja za kushawishi. Waliosikiliza waliyachukua maneno hayo kama yalivyo.

Marekani ilijibu kwa kumfukuza mwanadiplomasia wa Tanzania mjini Washington, na Tanzania ikamwita nyumbani balozi wake. Uhusiano wa nchi mbili ukadorora, na athari yake ilikuwa kubwa kuliko ya barua nyingi zilizovuma. Pamoja na hayo, magazeti hayakuripoti mazungumzo yenyewe kwa kina. Yaliripoti kufukuzwa. Umma haukuisikia sauti, na hata kama ungeisikia, kauli iliyobishaniwa ilikuwa na maana mbili. Lugha ya mafumbo miongoni mwa watu wa kazi moja haiwezi kuwa habari mpaka pawepo mtu wa kuitafsiri, na hapa watafsiri walikuwa pande mbili zisizoaminiana.

Kutoaminiana huko kulikuwa na historia ya karibu. Mnamo Novemba 1964 Waziri wa Mambo ya Nje, Oscar Kambona, alitangaza kuwa zimepatikana nyaraka zinazoonesha njama ya Marekani na Ureno dhidi ya Tanzania. Maandamano yalifanyika Dar es Salaam, ingawa nyaraka zilibainika kuwa za kughushi. Zaidi ya hayo, mapigano ya Kongo na uhusiano wa Zanzibar na nchi za kisoshalisti vilikuwa vimewaweka Wamarekani katika darubini ya kila siku. Hivyo, simu ya Januari ilipokelewa na watu waliokwisha kuzoea simulizi ya njama. Kigezo cha Galtung na Ruge cha kulingana na matarajio kinadhihirika hapa, lakini kwa namna inayotahadharisha: matarajio yaliijaza kauli yenye utata maana ambayo huenda haikuwa nayo. Carlucci baadaye alikuwa Waziri wa Ulinzi wa Marekani kuanzia 1987 hadi 1989, na tukio hilo likaendelea kusimuliwa kama kisa cha maneno yaliyoeleweka vibaya. Simulizi hilo nalo ni la upande mmoja, na mwanahistoria anapaswa kulichukua hivyo.

6. Uthibitisho Uliosubiriwa: Shehena ya Faina

Tarehe 28 Novemba 2010 magazeti ya New York Times, Guardian, Der Spiegel, Le Monde na El País yalianza kuchapisha habari kutokana na nyaraka 251,287 za kibalozi za Marekani zilizofichuliwa na WikiLeaks. Kwa wingi huo, nyaraka nyingi hazikuandikiwa hata sentensi moja. Miongoni mwa zilizovuma Afrika Mashariki ni zile zilizohusu meli MV Faina.

Meli hiyo ilitekwa na maharamia wa Kisomali mnamo Septemba 2008 ikiwa na vifaru 33 aina ya T-72. Serikali ya Kenya ilisema vifaru vilikuwa vya jeshi lake. Ofisa mmoja wa mpango wa kuwasaidia mabaharia mjini Mombasa aliyeeleza hadharani kuwa shehena ilikuwa ikielekea Sudan alikamatwa na kushtakiwa. Nyaraka za mwaka 2010 zilionesha kuwa Wamarekani walijua vifaru hivyo vilikusudiwa kwa serikali ya Sudan Kusini.

Kwa mtazamo wa awali tukio hili linapingana na hoja ya makala hii, kwa kuwa nyaraka hizo zilikuwa na taarifa na hazikuwa na tusi wala pendekezo. Ufafanuzi ni kwamba tuhuma ilikuwa imekwisha kuenea kwa miaka miwili, na ushahidi wa nje ulikuwepo: meli ilionekana, vifaru vilishushwa Mombasa, na mtu alikuwa amepelekwa mahakamani. Nyaraka zilileta kipande kilichokosekana. Kauli ya taarifa inaweza basi kuvuma, mradi uthibitisho wa pili uwe umetangulia kufika.

7. Sauti Tatu za Ukraine

Kwa msingi huo inawezekana kurejea katika sauti za mwaka 2014. Katika mazungumzo ya Nuland na Pyatt kulikuwa na mambo mawili. Kwanza, wawili hao walijadili ni viongozi gani wa upinzani wanaofaa kuingia serikalini. Nuland aliona Arseniy Yatsenyuk anafaa, na Vitali Klitschko hafai kwa wakati huo. Pili, alitamka tusi fupi dhidi ya Umoja wa Ulaya. Tusi ndilo lililotawala vichwa vya habari. Msemaji wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani hakukanusha uhalisi wa sauti, Nuland aliwaomba radhi viongozi wa Ulaya, na Kansela Angela Merkel, kupitia msemaji wake, aliyaita maneno hayo yasiyokubalika kabisa. Kila hatua ilizaa habari mpya. Aliyetukanwa alilazimika kujibu, na aliyetukana alilazimika kuomba radhi.

Sehemu ya kwanza ilihitaji muda ili uzito wake uonekane. Tarehe 27 Februari Yatsenyuk alikuwa Waziri Mkuu. Wapo waliolichukua jambo hilo kuwa ushahidi kwamba Marekani ilimteua, na wapo waliosema kuwa wanadiplomasia walikuwa wakipima hali waliyoiona. Sauti pekee haiwezi kuamua kati ya tafsiri hizo. Katika mazungumzo ya Schmid na Tombiński hali ilikuwa ngumu zaidi kwa mwandishi wa habari: yalikuwa kwa Kijerumani, na malalamiko ya Schmid kuwa Wamarekani wanausema vibaya Umoja wa Ulaya kwa kusitasita kuhusu vikwazo yalikuwa ya upole. Hapakuwa na mtu wa kuomba radhi wala wa kuombwa.

Sauti ya Ashton na Paet inabeba swali kubwa zaidi. Paet, aliyekuwa ametoka Kyiv, alieleza aliyoyasikia huko: kwamba majeraha ya waandamanaji na ya polisi yalifanana, na kwamba watu walishuku kuwa walenga shabaha walitumwa na mtu wa upande wa wapinzani walioshika madaraka. Wizara ya Mambo ya Nje ya Estonia ilithibitisha siku hiyohiyo kuwa sauti ilikuwa halisi. Hata hivyo, uthibitisho huo ulithibitisha kutamkwa tu. Paet alisema alikuwa akisimulia aliyoyasikia na kwamba hakuwa akitoa hukumu, naye daktari aliyetajwa katika mazungumzo aliliambia gazeti la Uingereza kuwa aliwaona waandamanaji tu na hakujua majeraha ya upande wa pili. Tuhuma ikabaki bila mguu wa pili wa kusimamia.

Matokeo yake ni kwamba vyombo vya habari vya Urusi viliipa sauti hiyo nafasi kubwa kana kwamba tuhuma imethibitishwa, na vingi vya Magharibi vikaiacha mapema huku macho yakielekea Crimea, ambako kura ya kujitenga ilipigwa tarehe 16 Machi. Kati ya kelele na kimya, waliopoteza ni ndugu wa waliouawa. Walichohitaji ni kazi ya polepole ya wapelelezi na mahakama, nayo ilichukua miaka. Hukumu ya mahakama mjini Kyiv dhidi ya baadhi ya maofisa wa zamani wa kikosi cha Berkut, kuhusu mauaji ya tarehe 20 Februari 2014, ilitolewa Oktoba 2023. Kiasi cha habari kilichoandikwa Machi 2014, upande wowote ule, hakikuwa kipimo cha ukweli wala cha uzito wa jambo.

8. Hitimisho

Matukio yaliyochunguzwa yanadhihirisha kuwa mazungumzo yaliyovuja huvuma zaidi pale kauli inapokuwa tendo lililokamilika, mwenyewe anapoikiri au anaposhindwa kuikana, na aliyeguswa anapolazimika kujibu. Kauli ya taarifa huvuma pale tu ushahidi wa nje unapokuwa umetangulia, kama ilivyokuwa kwa Faina. Kauli yenye maana mbili, kama ya Januari 1965, huacha nafasi yake kwa hatua za serikali, na maneno yenyewe hubaki gizani.

Waswahili husema kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi. Methali hii inamkumbusha mtafiti kumtazama aliyebeba mzigo. Waliopeleka barua ya 1898 gazetini walitaka Hispania ichukiwe. Waingereza walioifumbua telegramu ya 1917 walitaka mshirika vitani. Walionasa simu za Kyiv nao walikuwa na nafuu waliyoitafuta. Anayevujisha huchagua kinachodondoka, na mhariri huchagua kinachookotwa. Mwanahistoria anayekusanya magazeti ya siku hizo hukuta chaguo mbili zilizokwisha kufanyika kabla yake. Kwa hiyo, anapokadiria umuhimu wa mazungumzo ya kidiplomasia, inampasa ayasome yote kuanzia mwanzo hadi mwisho, pamoja na sehemu ambazo hakuna aliyezigeuza kichwa cha habari, kisha atafute nje ya mazungumzo hayo ushahidi ambao sauti iliyovuja haiwezi kuutoa.